Utangulizi: Kumsoma Kipa wa Akiba

Katika orodha ya kikosi inayotolewa kabla ya mechi, jina lake huandikwa juu kabisa ya majina ya wachezaji wa akiba. Mara nyingi mtangazaji akishalisoma halitaji tena mpaka mpira unakwisha. Huyo ni kipa wa akiba. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji amfanye mada ya utafiti: ajira yake, safari zake kutoka klabu hadi klabu, ujuzi anaoubeba, na namna ya kuandika historia ya mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuwa tayari.

Nimemfikiria hasa msomaji anayeanzia Bugwema, kata ya Musoma Vijijini yenye vijiji vya Bugwema, Kinyang'erere, Masinono na Muhoji. Mtafiti aliyeko Dar es Salaam hukutana na kipa huyu katikati ya safari tu, akiwa amevaa jezi ya klabu inayojulikana. Mwanzo wa safari uko kwenye viwanja vya shule na mashindano ya kata ya kugombea mbuzi, na mwisho wake mara nyingi huwa hukohuko. Anayeishi Musoma, Bunda au Butiama ana ncha zote mbili karibu naye. Huhitaji kuwa umecheza mpira ili uingie katika taaluma hii. Unahitaji masikio, daftari, na subira ya kuuliza habari za mtu ambaye gazeti halikumpa aya hata moja.

Nafasi moja, watu watatu

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu kila swali la taaluma hii linatokana nayo. Beki wa akiba anaweza kuingizwa kucheza kiungo mkabaji, na winga anaweza kuhamishiwa upande wa pili. Kipa ana milingoti mitatu, na ndani yake husimama mtu mmoja. Mabadiliko ya wachezaji watano, yaliyoruhusiwa kwa muda mwaka 2020 na kuingizwa moja kwa moja katika sheria za soka mwaka 2022, yamewafungulia mlango viungo na washambuliaji wengi. Kipa wa akiba hayakumsaidia kitu. Yeye huingia namba moja akiumia au akipewa kadi nyekundu, basi. Ndiyo maana dunia nzima inakumbuka Salvador, Brazil, mwaka 2014, kocha wa Uholanzi alipomwingiza Tim Krul dakika za mwisho za muda wa nyongeza dhidi ya Costa Rica kwa ajili ya matuta tu, naye akapangua penalti mbili. Tukio hilo linakumbukwa kwa sababu ni nadra.

Pamoja na hayo hakuna klabu inayothubutu kuishi bila yeye. Kanuni za Kombe la Dunia hudai kila timu iandikishe makipa wasiopungua watatu, na humruhusu kipa aliyeumia kubadilishwa hata mashindano yakiwa yanaendelea. Mshambuliaji hana ruhusa hiyo. Soka inakiri kwa maandishi kwamba nafasi hii haifanani na nyingine: klabu inalipa watu wawili au watatu kwa kazi ambayo siku ya mechi ataifanya mmoja.

Wale wengine wanafanya nini? Wanadaka. Mazoezini mshambuliaji anayejifunza kumalizia humalizia mbele yao. Timu inapogawanywa kucheza yenyewe kwa yenyewe, kipa namba mbili ndiye mlinda mlango wa upande wa pili. Siku ya mechi humpasha namba moja misuli, humpigia krosi na mashuti ya karibu, kisha huvaa bibu na kukaa. Katika lugha ya mashabiki huko ni kusugua benchi, na wengi hudhani ni kupumzika. Mtafiti anapaswa kuhesabu upya. Kipa aliyecheza mechi tatu kwa msimu amedaka mazoezini karibu sawa na aliyecheza thelathini, na washambuliaji waliofunga Jumamosi walinoa mashuti yao kwenye mikono yake kuanzia Jumatatu.

Makosa mawili ya wageni

Wanaoingia katika taaluma hii huvutwa na simulizi mbili, zote tamu na zote pungufu. Ya kwanza inamchukulia kipa wa akiba kama mtu aliyeshindwa. Ya pili inamchukulia kama shujaa wa siku moja, aliyechomoza kutoka gizani akaokoa timu.

Chukua mfano wa Ally Salim wa Simba. Aprili 2023 Aishi Manula, namba moja wa klabu na wa Taifa Stars, alikuwa majeruhi. Ally Salim akapangwa kwenye mechi ya watani tarehe 16 Aprili, na Simba ikaifunga Yanga 2-0. Siku chache baadaye alikuwa langoni kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad Casablanca. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Casablanca, ikatolewa kwa matuta. Tarehe 13 Agosti, Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, mechi ya Ngao ya Jamii dhidi ya Yanga ilimalizika bila bao. Kwenye matuta Ally Salim alipangua penalti tatu, Simba ikashinda 3-1. Kwa simulizi ya shujaa, hadithi ingeishia hapo. Lakini msimu ulikuwa ndio kwanza unaanza, na Simba ilikuwa imemsajili Ayoub Lakred kutoka Morocco. Lakred ndiye aliyekuja kushika lango.

Hadithi hii inatufundisha nini? Swali la mitaani lilikuwa: kijana huyu ametoka wapi? Hakutoka popote. Alikuwa kwenye kikosi hichohicho. Kilichobadilika Aprili ni jeraha la mtu mwingine, na kilichobadilika baada ya Agosti ni sahihi ya mtu mwingine kwenye mkataba. Kipa wa akiba anaweza kuwa bora kuliko mwaka jana na bado akarudi benchi, au akawa vilevile na kujikuta namba moja. Ajira yake inaendeshwa na majeraha, kadi na usajili wa wenzake, na anayetaka kuielewa lazima achunguze mambo yaliyowapata watu wengine.

Miaka tisa kabla, tarehe 18 Oktoba 2014, hali ilikuwa hiyohiyo. Ivo Mapunda alikuwa majeruhi, na Hussein Sharif, anayejulikana kama Casillas, naye majeruhi. Simba ikamsimamisha kijana Peter Manyika mbele ya Yanga, klabu ambayo baba yake aliwahi kuidakia. Matokeo yalikuwa 0-0. Baadaye kijana huyo alipita Singida United na KCB ya Kenya. Mwandishi wa habari atataka zile dakika tisini za Oktoba, na ana haki. Sisi tunataka pia miaka iliyofuata, kwa sababu humo ndimo ajira ilimo.

Wahenga wanasema mvumilivu hula mbivu, na vyumba vya kubadilishia nguo vinaipenda sana methali hiyo. Mtafiti aitumie kwa hadhari. Kwa kila kipa aliyesubiri akala mbivu, wapo waliosubiri kwa uvumilivu uleule na mti ukazaa upande wa jirani. Ukiwaandika waliofanikiwa peke yao, utahitimisha kwamba kusubiri kunalipa, na utakuwa umekosea hesabu kabla hujaanza kuandika.

Safari na mkataba

Kwa kuwa ndani ya klabu ngazi ni moja na imeshakaliwa, kipa hupanda cheo kwa kuhama. Hapa ndipo taaluma hii inapokutana na historia ya kazi na ya uhamaji katika Afrika Mashariki. Mfano mzuri ni Ivo Mapunda, aliyedakia Yanga, akaenda St George ya Ethiopia, akapita Bandari na Gor Mahia za Kenya, akarudi nyumbani Simba, kisha Azam. Mganda Abel Dhaira alidakia Express na URA za kwao, AS Vita ya Kinshasa, ÍBV ya Iceland na Simba ya Dar es Salaam, akarudi tena Iceland, ambako saratani ilimkatisha maisha mwaka 2016. Kwenye timu ya taifa ya Uganda aliishi kizazi kimoja na Denis Onyango. Onyango naye alipita vilabu kadhaa vya Afrika Kusini, akatolewa kwa mkopo Bidvest Wits, ndipo akaja kuwa kipa wa Mamelodi Sundowns iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2016. Ukiiweka ramani ya safari hizi mezani, unaona soko la ajira ambalo mipaka yake haifanani na mipaka ya nchi.

Soko hilo lina kanuni zake. Kuna dirisha kubwa na dirisha dogo la usajili. Kuna mkopo, ambao kwa kipa kijana ndiyo njia ya kupata mechi bila kuvunja mkataba. Kuna kanuni za idadi ya wachezaji wa kigeni. Zaidi ya yote kuna kocha. Tazama Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, aliyekuwa langoni mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek kwa matuta mjini Cairo. Mwaka 2013 Simba iliachana naye, na miaka iliyofuata ikampeleka Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Wengi walidhani ameshamaliza. Mwaka 2019 Taifa Stars ikapewa Etienne Ndayiragije, ambaye msimu uliotangulia alikuwa akimfundisha Kaseja KMC. Kaseja akaitwa. Tarehe 4 Agosti alikuwa langoni Nairobi Tanzania ilipoitoa Kenya kwa matuta katika kufuzu CHAN, na Septemba mwaka huo alikuwa langoni Dar es Salaam Burundi walipotolewa kwa matuta 3-0 katika kufuzu Kombe la Dunia. Uzoefu wa miaka ulikuwa wake mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na kocha aliyemwona akifanya kazi kila siku kwenye klabu ndogo.

Aina ya klabu nayo ni jambo la kuchunguza. Ligi yetu imekuwa na klabu za wanachama, kama Simba na Yanga. Klabu za kampuni, kama Mtibwa Sugar na Kagera Sugar. Klabu ya manispaa, kama KMC. Na klabu za majeshi, kama Tanzania Prisons na JKT. Kwenye klabu ya jeshi mchezaji anaweza kuwa askari mwenye ajira itakayoendelea glavu zikishatundikwa. Kwa kipa namba mbili tofauti hiyo inaweza kuamua kila kitu: abaki benchi penye uhakika, au aende penye mechi na mashaka. Waulize wanaohusika jinsi posho ya ushindi inavyogawiwa, na kama aliyekaa benchi hupata sawa na aliyecheza. Majibu yatakueleza kuhusu klabu hiyo mambo ambayo msimamo wa ligi hauwezi kueleza.

Mkoa wa Mara una mfano wake mkubwa wa jinsi ajira hii inavyotegemea mambo yaliyo nje ya uwanja. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaiwakilisha nchi kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na ikaondolewa. Mwisho wa msimu ule ikashuka daraja. Wanaoandika habari hiyo huandika kuhusu uongozi na fedha. Ipo sura nyingine ambayo bado haijaandikwa: klabu ya mkoa inapopanda na kushuka ndani ya miaka minne, makipa wake wa pili na wa tatu huenda wapi? Namba moja hupata timu. Wale wengine ndio kipimo cha kweli cha jinsi soko lilivyo pana au finyu.

Jamaa wa mbali: mdakaji wa besiboli

Mahali ambapo mchezaji wa namna hii amechunguzwa na kuandikwa kwa muda mrefu ni Marekani, kwenye besiboli. Kule yupo mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago na ngao ya kifua, akidaka mpira unaorushwa kwa kasi inayoweza kufika kilomita 150 kwa saa na zaidi. Wenzake wote wanapokuwa ulinzi hutazama upande wake, naye peke yake huwatazama wao. Anamwashiria mrushaji arushe mpira wa aina gani, na anajua udhaifu wa kila mpigaji. Kwa habari ya kuuona mchezo wote kwa mbele, yeye na golikipa ni ndugu.

Lakini kuna tofauti moja yenye maana. Msimu wa ligi kuu ya besiboli una mechi 162, na magoti ya binadamu hayawezi kuchuchumaa mechi zote hizo. Kwa hiyo mdakaji wa akiba ana siku zake za kucheza, hasa pale mechi ya mchana inapofuata mechi ya usiku. Anajua kwamba wiki hii atacheza. Kipa wa akiba wa soka hana ratiba. Anaweza kumaliza msimu mzima bila kuingia, au akaitwa baada ya dakika nne. Ukilinganisha ajira hizi mbili, unaona jinsi umbo la mchezo linavyoamua maana ya neno akiba: kwa mmoja ni zamu, kwa mwingine ni bima.

Bob Uecker alicheza ligi kuu kuanzia 1962 hadi 1967, mechi 297 tu, na wastani wake wa kupiga ulikuwa wa chini, .200. Mwaka 1964 timu yake, St. Louis Cardinals, ilitwaa ubingwa naye akiwa kikosini, lakini katika fainali hizo hakukanyaga uwanja. Kuanzia 1971 akawa mtangazaji wa redio wa Milwaukee Brewers, na aliifanya kazi hiyo mpaka karibu na kifo chake Januari 2025, akiwachekesha Wamarekani kwa kujicheka mwenyewe. Moe Berg, mdakaji wa akiba mwenye shahada ya sheria na lugha nyingi kichwani, alifanya ujasusi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bruce Bochy alicheza misimu tisa kama mdakaji wa ziada, kisha akawa kocha mkuu aliyetwaa ubingwa mara nne: 2010, 2012 na 2014 akiwa na San Francisco Giants, na 2023 akiwa na Texas Rangers.

Mfano wa Bochy una jamaa zake kwetu. Juma Pondamali, wa kizazi cha Taifa Stars kilichocheza fainali za Afrika Lagos mwaka 1980, baadaye alifundisha makipa wa Yanga. Kaseja naye alikuja kufundisha makipa wa Taifa Stars. Wako waliokuwa namba moja na waliokuwa namba mbili, na swali la kufuatilia ni kama benchi linafundisha ukocha kuliko lango. Mifano michache ya watu maarufu haitoshi kulijibu. Uecker tunamjua kwa sababu alikuwa na kipaza sauti. Waliorudi makwao kimya ni wengi zaidi, na kwa hao ndipo kazi yetu inapoanzia.

Besiboli yenyewe si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania. Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Na Uganda imetoa mdakaji wake mwenyewe: Dennis Kasumba wa Wakiso, ambaye video zake akifanya mazoezi kwa matairi na madumu zilisambaa mtandaoni. Mwaka 2023 alifika Frederick, Maryland, akajiunga na timu ya Keys kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Mtu anayetaka kulinganisha mdakaji na golikipa katika eneo letu hatakosa pa kuanzia.

Tunasoma wapi

Chanzo cha kwanza ni gazeti. Mwanaspoti na magazeti mengine ya michezo huchapisha vikosi, na kwa kuvikusanya msimu hadi msimu unaweza kujua nani alikuwa benchi lini. Ripoti ya mechi itakueleza aliyefunga. Orodha ya kikosi itakueleza aliyekuwa tayari. Magazeti ya zamani, kama Uhuru na Daily News, yanahitaji kutafutwa maktaba. Kwa miaka ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wazee wengi wanazikumbuka sauti za watangazaji kama Charles Hilary na Ahmed Jongo, na kumbukumbu hizo zinafaa kurekodiwa, mradi zilinganishwe na maandishi.

Chanzo cha pili ni karatasi za mchezo: fomu za mechi, orodha za usajili, barua za mkopo, za shirikisho la soka nchini (TFF, na kabla yake FAT), za vyama vya mikoa na wilaya, na za klabu zenyewe. Nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine ziko kwenye sanduku la katibu wa zamani ambaye hajaambiwa kwamba zina thamani. Shuleni zipo kumbukumbu za mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na za sekondari (UMISSETA), ambako makipa wengi walionwa kwa mara ya kwanza.

Chanzo cha tatu, na kikubwa kuliko vyote, ni kipa mwenyewe. Usimuulize kwanza mechi alizocheza. Muulize alifanya nini asubuhi ya siku ya mechi aliyojua hatacheza. Muulize uhusiano wake na namba moja, maana hao ni washindani wanaofundishana kila siku. Muulize nani alimnunulia glavu za kwanza, na nani alimpigia simu dirisha la usajili lilipofunguliwa. Uliza pia habari za nyumbani, kwa sababu mke, mama na kaka hubeba sehemu ya kusubiri. Mishahara na majeraha ni siri zake. Ziandike pale tu anaporidhia.

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na hii ni bahati kwa mtafiti. Makipa wa misimu ile ya mwanzo, namba moja na namba mbili, bado ni vijana na wanaweza kuhojiwa. Atakayeanza sasa ataandika historia ambayo kwa wanaume tuliichelewa.

Mabishano yanayoendelea

Usitarajie kukuta watu wamekubaliana. Ubishi wa kwanza unahusu makipa wa kigeni. Djigui Diarra wa Mali ameidakia Yanga tangu 2021, Simba ikawaleta Lakred wa Morocco na baadaye Moussa Camara wa Guinea. Wapo wanaosema kipa wa Kitanzania anayekaa nyuma yao anapotea. Wapo wanaosema anajifunza kila siku kutoka kwa wakubwa. Pande zote hutaja majina, na majina hayamalizi ubishi. Unahitaji kufuatilia kundi zima la makipa wa msimu mmoja kwa miaka kumi, uone waliokaa nyuma ya mgeni waliishia wapi wakilinganishwa na waliokwenda klabu ndogo kucheza.

Ubishi wa pili unahusu umri. Mwaka 2018 Essam El Hadary wa Misri alikaa benchi mechi mbili za Kombe la Dunia, kisha akapangwa ya tatu dhidi ya Saudi Arabia akiwa na miaka 45, akapangua penalti. Je, kutocheza sana kunautunza mwili, au kunaondoa makali? Ubishi wa tatu ni wa thamani. Scott Carson alikaa Manchester City miaka sita, akacheza mechi mbili, na medali ya ubingwa wa Ulaya ya mwaka 2023 anayo. Ukipima kwa mechi, huo ni utani. Ukipima kwa uamuzi wa klabu tajiri kumwongezea mkataba mara kwa mara, kuna kazi fulani aliyokuwa akiifanya, na taaluma yetu inapaswa kuweza kuitaja kwa jina.

Msimamo wangu nimeshauonyesha: kipa wa akiba ni mfanyakazi, na utayari ni kazi inayochosha, inayofundishwa na inayonunuliwa. Msomaji yuko huru kuupinga, na akiupinga kwa ushahidi wa Bunda au Butiama nitafurahi zaidi.

Kuanzia Bugwema

Kwa anayeanza, nashauri eneo dogo. Chagua timu moja ya kijiji na misimu michache ya nyuma. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho. Zungumza na afisa utamaduni na michezo wa wilaya. Ukiwa chini ya chuo, fuata taratibu za kibali cha utafiti. Kisha kaa na waliocheza. Orodhesha makipa wote, na kwa kila mmoja andika alitoka wapi, alikaa nyuma ya nani, aliingia lini, na sasa anafanya kazi gani, iwe ni kulima mpunga, kuvua ziwani au kuendesha bodaboda mjini Musoma. Fanya hivyo kwa Masinono, mwenzako afanye kwa Kinyang'erere, mwingine afuatilie makipa waliopita Uwanja wa Karume wakiwa na Biashara United. Orodha hizo zikiwekwa pamoja, zitaonyesha ngazi nzima kutoka kata hadi Ligi Kuu, na ni ngazi ipi inayowaangusha wengi.

Utakapofika kwa wazee wa timu watakuanzishia na mabao. Wasikilize, andika, kisha uliza swali la kwanza la taaluma hii: msimu ule mlikuwa na makipa wangapi, na wa pili alikuwa nani?